Sauti ya Radi na Uso wa Kukodi

Wino wa bango ulikuwa haujakauka vizuri Msemaji alipoingia kwa mchapaji asubuhi ile. Lilikuwa limetandazwa mezani, refu kama mlango, likinuka rangi mpya. Akalikagua kama alivyozoea, kuanzia maandishi. Jina la opera, sawa. Tarehe, sawa. Jina la ukumbi, sawa. Jina la mwimbaji mkuu lilikuwa limeteremshwa chini kabisa, kwa herufi za kusomwa na mwenye subira. Hapo ndipo alipoitazama picha, akadhani ameonyeshwa kazi ya mteja mwingine.

"Fundi, hili si langu."

"Ni lako, dada," mchapaji akasema huku akijifuta mikono kwa kitambaa. "Mkurugenzi wako alileta picha mpya jana. Akasema ile ya kwanza tuitupe."

Pichani alikuwapo binti mwembamba wa shingo ndefu, amevaa taji la malkia, ngozi inang'aa kama kikombe kilichotoka kuoshwa, kinywa kimefunguka kidogo kana kwamba anaimba. Msemaji hakuwa amemwona maishani mwake. Naye aliwajua waimbaji wote wa mji ule, hata wale walioimbia bafuni tu.

Msemaji halikuwa jina lake la kuzaliwa, ila hata mumewe alimwita hivyo. Alikuwa afisa uhusiano wa ukumbi mkubwa wa muziki, ule wenye okestra yake, na kazi yake ilikuwa kuwafanya watu wajue kuna nini jukwaani na watamani kuja. Aliandika taarifa kwa magazeti na redio. Aliwapigia wahariri simu mpaka wakawa wanamtambua kwa kikohozi chake. Aliwakalisha wapiga fidla wenye haya mbele ya kamera, akawafundisha kupumua. Nduguze hawakuielewa kazi hiyo hata kidogo. Mama yake aliwahi kujigamba kwa majirani kwamba binti yake anafanya kazi na kondakta maarufu, wakamuuliza basi lake linapita njia gani.

Lakini aliipenda. Vijana waliotaka kuingia katika kazi hiyo aliwaambia jambo lile lile kila mara: "Kupiga chuku ni kwa wenye bidhaa mbovu. Sisi tuna kitu kizuri. Kazi yetu ni kusema kweli kwa sauti ya kutosha."

Basi akalikunja lile bango likiwa bichi vile vile, wino ukamchafua mkono wa gauni, akatoka nalo.

Mkurugenzi wa ukumbi alikuwa mtu wa maneno matamu. Angeweza kukufukuza kazi ukatoka ofisini mwake ukimshukuru. Msemaji alimkuta anajifunga tai mbele ya kioo cha dirisha, akalifungua bango juu ya meza yake, juu ya karatasi zake zote.

"Huyu ni nani?"

"Malkia wetu. Mzuri, sivyo?"

"Malkia wetu ni Radi."

"Radi ni *sauti* ya malkia," akasema Mkurugenzi, na akatabasamu kama mtu aliyepata nukta ya busara.

Radi ndivyo wanamuziki wote walivyomwita yule mwimbaji, kwa kuwa siku ya kwanza alipofungua kinywa katika chumba cha mazoezi, mpiga ngoma aliangusha vijiti vyake. Alikuwa mwanamke mnene, mtu mzima, mwalimu wa kuimba katika shule ya watoto. Alisomea uimbaji wa opera nchi za mbali, akarudi kwao, akaimba miaka mingi kwaya za nyuma na nafasi za matarishi na wapishi. Na shavu lake la kushoto, kutoka sikioni mpaka chini ya kidevu, lilikuwa na kovu la maji ya moto yaliyommwagikia akiwa mtoto anayetambaa. Opera hii mpya ilikuwa ya malkia aliyekataa kuhama nchi yake. Mtunzi aliiandika akiwa na sauti ya Radi masikioni, na alimwambia hivyo kila mtu.

"Mdhamini ni nani?" Mkurugenzi akauliza, akajijibu mwenyewe. "Kampuni ya mafuta ya ngozi. Jiweke mahali pao, dada yangu. Wewe unauza mafuta ya kulainisha ngozi. Utalibandika lile shavu mji mzima?"

"Kwa hiyo watu wakate tiketi, pazia lifunguliwe, atoke mtu mwingine?"

"Kwa mbali? Na taji? Na vipodozi? Nani atatambua! Tena hata tangazo la televisheni tumeshalimaliza. Radi ameimba, binti ametingisha midomo. Ukiliangalia machozi yanakutoka. Wewe funika kombe mwanaharamu apite."

"Na mwanaharamu ni nani hapa, bosi? Radi?"

Tabasamu la Mkurugenzi halikuondoka, ila lilipoa. "Una hasira nyingi. Hasira si taaluma. Nenda ukaandike taarifa ya mkutano na waandishi, na binti atakaa pale mezani, katikati."

Msemaji alishuka ngazi akikanyaga kwa nguvu. Alikuwa amemeza mengi katika ukumbi ule: viongozi waliosinzia viti vya mbele, waliotaka picha zao zikae mbele ya picha za wapiga muziki, hata mkubwa mmoja aliyeuliza kwa nini yule mwenye kijiti hapigi chochote. Hayo yalikuwa ya kucheka. Hili lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Radi alikuwa peke yake katika chumba cha mazoezi, viti vya wapigaji vimebaki vimezunguka kama watu waliotoka kikaoni. Alikuwa anamenya chungwa. Msemaji alimwonyesha bango. Radi aliliangalia, akaendelea kumenya.

"Nimeshajua. Tangazo nimeliona kwenye televisheni ya jirani. Waliniambia nirekodi wimbo. Midomo itakuwa ya nani, hawakuniambia."

"Na umenyamaza?"

"Ulitaka nifanye nini?"

"Ukatae! Mimi nitasimama na wewe. Leo hii nawapigia wahariri wote, wanaumbuka kabla ya jioni!"

Radi aliweka chungwa chini. "Nisikilize, mdogo wangu. Nimeimba tarishi. Nimeimba mpishi. Niliwahi kuimba mti, nyuma ya kitambaa. Hii ndiyo nafasi ya kwanza ambayo mtu ameiandika akinifikiria mimi. Nikipiga kelele, kesho wanampa mwingine. Uso huu watu wameuona maisha yangu yote, na kila mmoja amesema lake. Nataka wanisikie mara moja tu. Wakinisikia, yaliyobaki watajaza wenyewe."

"Lakini ni dhuluma!"

"Ni dhuluma. Sasa hizi hasira, ni zangu au ni zako?"

Msemaji akaanza kulikunja bango.

"Nakushukuru," Radi akasema, na sauti yake ikawa ya mwalimu. "Ila usinitetee bila kuniuliza."

Msemaji akarudi mezani kwake. Kitu kimoja tu alikifanya: alikataa jina lake liwekwe chini ya taarifa ile. Mkurugenzi aliiandika mwenyewe, akaliita onyesho hilo "mkutano wa uzuri na sauti," bila chembe ya aibu.

Jumapili mchana wifi yake alikuja kula. Huyu alikuwa dada wa mumewe, na alikuwa akiandika habari za sanaa katika gazeti. Walipendana na kuchokozana kama mawifi wote, na walikuwa na mkataba wao: mezani hakuna kazi. Basi televisheni ikawa inaongea peke yake, na katikati ya mlo likatoka tangazo. Binti mwenye taji akafungua midomo. Sauti ya Radi ikajaa chumba, ikapita katikati ya sahani, na mume wa Msemaji akasahau tonge mkononi. Kisha ikaja chupa ya mafuta ya ngozi.

Wifi aliweka kijiko chini. "Huyo msichana ndiye anayeimba? Mbona sauti hiyo naijua?"

"Kula, wifi."

"Nakuuliza wewe, Msemaji wa ukumbi."

"Msemaji yuko ofisini mpaka kesho. Hapa yuko mke wa kaka yako. Kula, chakula kinapoa."

Wifi akasema, "Haya. Lisemwalo lipo, na lisilosemwa lipo zaidi," na akajiongezea mboga.

Siku ya mkutano na waandishi, ukumbi mdogo ulijaa. Meza ilivikwa kitambaa cheupe, vipaza sauti vimepangwa kama shada, na nyuma yake bango jipya. Mtu wa kampuni ya mafuta alikaa kulia, Mkurugenzi kushoto, na binti wa bango katikati, mikono imelala mapajani. Kwa umri angeweza kuwa binti yao. Radi aliwekwa safu ya tatu miongoni mwa wageni, karibu na nguzo. Msemaji alisimama ubavuni mwa meza, mahali pake pa siku zote, akigawa zamu za kuuliza.

Wawili wa kwanza waliuliza mambo ya kawaida. Wa tatu kunyoosha mkono alikuwa wifi yake. Angeweza kumpita. Hakumpita.

"Swali langu ni fupi," wifi akasema. "Tangazo limetusisimua sana. Namwomba malkia atuimbie mstari mmoja tu, hapa hapa alipokaa."

Watu wakapiga makofi. Binti akamgeukia Mkurugenzi, macho yamemtoka. Mkurugenzi alicheka kicheko chake kizuri.

"Tungependa sana! Lakini malkia wetu ana mafua tangu jana, na daktari amemkataza kutumia koo. Msemaji wetu hapa atawathibitishia."

Macho yote yakamwendea. Miaka mingi alikuwa amejenga jambo moja tu katika mji ule, kwamba akisema kitu, ni hivyo. Wahariri walichapisha taarifa zake bila kupiga simu ya pili. Na sasa mtu huyu, bila hata kumnong'oneza, ametia mkono mfukoni mwake, ameichukua amana hiyo kama leso ya kufutia kamasi. Msemaji alimkumbuka Radi na chungwa lake, akajua kwamba habari za Radi si zake kuzisema. Lakini neno lake mwenyewe lilikuwa lake.

"Hana mafua," akasema.

Kalamu zikafunguliwa chumba kizima.

"Dada, asante," binti wa bango akasema ghafla, karibu mno na kipaza sauti, na sauti yake nyembamba ikajaa chumba. "Mimi siimbi. Sijawahi kuimba. Nilipigwa picha tu, nikaambiwa niwe natingisha midomo. Sikujua nitaletwa hapa."

Chumba kikalipuka. Nani anaimba? Mwimbaji yuko wapi? Mtu wa mafuta alisimama akaketi, akasimama tena. Mkurugenzi alimshika Msemaji kiwiko. "Rekebisha," akamwambia kwa meno yaliyofungwa. "Rekebisha sasa hivi!"

"Anayeimba yupo," Msemaji akawaambia waandishi. "Akitaka kusema, atasema mwenyewe. Mimi sisemi kwa niaba yake."

Safu ya tatu, Radi alikuwa ameshasimama. Hakuelekea mezani. Alichukua mkoba wake akaelekea mlangoni, anapita magoti ya watu kwa kuomba radhi, na kamera zikamgeukia kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa anatembea. Mwandishi mmoja akapiga kelele, "Mama, ni wewe? Tuimbie basi!"

Radi akageuka. Kovu lake lilikuwa upande wa taa.

"Niimbe hapa ili mhakikishe kama nina koo? Mimi si redio iliyoletwa kwa fundi. Wimbo una mahali pake na siku yake. Anayetaka kunisikia akate tiketi." Akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake polepole kwa sababu ulikuwa wa kujifunga wenyewe.

Msemaji alifukuzwa kazi kabla chupa za maji hazijaondolewa mezani. Aliambiwa amepanga njama na wifi yake, kwamba ndiye aliyevujisha siri. Hilo ndilo lililomuuma kuliko kufukuzwa. Alikuwa amefunga mdomo hata mezani pake, mbele ya ndugu wa mume wake, na bado wamemwita mvujishaji! "Kama ningejua nitahukumiwa kwa wizi," alimwambia mumewe huku akitupa viatu vyake vya ofisini sandukuni, "si ningeiba kweli?"

Kampuni ya mafuta ikajitoa. Ukumbi ulikuwa umeshauza tiketi, na wanamuziki wakaapa kwamba asipoimba Radi hawapigi, kwa hiyo onyesho likabaki, bila mapazia mapya, na mavazi yakatolewa stoo na kupigwa pasi.

Radi hakumpigia simu. Siku zikapita, Msemaji akawa anazunguka nyumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kisha mchana mmoja mlango ukagongwa, na Radi akaingia na magazeti kwapani. Hakukaa. Aliyabwaga mezani moja baada ya jingine.

"Soma."

Msemaji akasoma. *Mwanamke Mwenye Kovu Adhulumiwa. Kovu Lililofichwa. Machozi ya Mwimbaji Aliyeungua.*

"Nililia lini mimi?" Radi akauliza, na vikombe kabatini vikatetemeka. "Wote wameandika shavu. Mmoja amekwenda kumtafuta shangazi yangu kijijini amuulize maji yalikuwa ya nini, ya chai au ya kuoga! Hakuna hata mmoja, nasema hata mmoja, aliyeandika kwamba naimba. Yule bosi wako alinificha kwa sababu ya kovu. Hawa wamenitoa kwa sababu ya kovu. Tofauti iko wapi?"

"Sikuwaambia..."

"Najua hukuwaambia! Ndiyo maana nimekuja. Ungewaambia wewe, ningekwenda kwingine." Sasa akakaa, na kiti kikalalamika. "Kazi yako si kusemea watu? Haya. Mimi ndiye nakuomba sasa. Nitetee."

Wakafanya kazi katika meza ya jikoni, kati ya chupa ya mafuta ya kupikia na mtungi wa maji. Msemaji aliwapigia wahariri wote waliomtambua kwa kikohozi chake, naye akampa kila mmoja sharti lile lile: mahojiano yapo, maswali yote ya muziki yanaruhusiwa, na atakayetaja shavu mahojiano yanaisha papo hapo. Wengine walicheka, wakidhani ni utani. Wa redio alijaribu kupitia dirishani, akauliza kuhusu "safari yake ya maumivu." Msemaji akanyanyuka, akachukua mkoba wa Radi, wakatoka studio matangazo yakiwa hewani.

Wifi naye alipata zamu yake. Aliuliza vizuri sana, kuhusu pumzi, kuhusu walimu, kuhusu jinsi ya kuimba hasira bila kuharibu koo. Kisha akaegemea mbele. "Na mama, kama mwanamke, lile kovu..."

"Tumemaliza," akasema Msemaji.

"Wifi! Ni mimi!"

"Nimekuona. Mlango uko pale pale ulipoingilia."

Wifi aliondoka amenuna, na kwa wiki nzima hakupokea simu. Lakini alichokiandika kilikuwa ukurasa mzima juu ya sauti, na shavu halikutajwa. Kilisomwa na kukatwa na kubandikwa kwenye mlango wa chumba cha mazoezi.

Jioni ya onyesho, viti vyote vilijaa, na waliokosa walisimama nyuma. Msemaji alikata tiketi yake kama watu wengine. Pale sebuleni mwa ukumbi, kabla ya kengele, alimwona Mkurugenzi amezungukwa na kamera, tai yake imenyooka.

"Tangu mwanzo tulimwamini," alikuwa akisema. "Ukumbi huu ndio uliomwibua. Tulijua..."

Hasira ilimpanda Msemaji mpaka utosini. Miguu ikaanza kumwendea yenyewe. Binti wa bango, aliyekuwa amekuja kwa tiketi yake naye, akamshika mkono. "Dada, kengele imelia. Ukimsemesha utakosa mwanzo."

Wakaingia. Na Radi akaimba. Watu waliokuwa na kikohozi walisahau kukohoa. Alipofika mahali ambapo malkia anaambiwa afungashe na kuondoka, akajibu kwa noti ndefu moja, mzee aliyekaa mbele ya Msemaji alivua kofia polepole akaiweka kifuani. Msemaji hakulia. Hasira zilizidi machozi: alihesabu kwaya zote, matarishi wote, wapishi wote, mti ule nyuma ya kitambaa, miaka yote sauti ile ilipokuwa ikifundisha watoto do re mi huku mji mzima ukikosa.

Wiki iliyofuata Mkurugenzi alimpigia. Kwa maneno yake ya asali alimtaka arudi kazini, na kazi ya kwanza ingekuwa makala nzuri ya jinsi ukumbi ulivyomgundua Radi.

"Bosi," Msemaji akamwambia, "kilemba cha ukoka nimeshavishwa vya kutosha, sasa kichwa kinaniwasha. Tafuta mwingine." Akakata simu.

Sasa anawasemea wanamuziki wanaomwendea wenyewe. Si wengi, na meza ni ile ile ya jikoni. Lakini tangazo la mafuta ya ngozi halijaondolewa. Linaonyeshwa kila siku, midomo ya binti, sauti ya Radi, chupa ya mafuta. Kampuni inasema wimbo ulirekodiwa kwa hiari. Radi na Msemaji wamekwenda kwa wakili, na binti wa bango amekubali kuwa shahidi, ingawa ameambiwa hatapata kazi ya picha tena. Kesi imeahirishwa, ikaahirishwa tena.

Mara ya mwisho, kwenye kibaraza cha mahakama, wakili wao aliwauliza kama wangekubali wayamalize nje, kwa upole, watu wasichoke.

Radi alimtazama Msemaji. "Unaulizwa."

"Hapana, dada. Wewe ndiye unaulizwa."

Radi akafikiri, akakaza kitambaa chake kichwani. "Basi mwambie tutarudi tarehe nyingine," akasema. "Na safari hii, mwambie, nitakuja nimepumzisha koo, nijisemee mwenyewe."